Uso wa Mafuta si Uso Mchafu

Wahenga walinena kwamba uso umeumbwa na haya. Lakini leo, wasomaji watukufu, nataka tuzungumze juu ya haya ya namna nyingine, ambayo uso haukuumbwa nayo bali tumeubandika sisi wenyewe. Nayo ni haya ya kuwa na uso unaong'ara mafuta.

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, hapana nyumba isiyomjua kijana huyu. Ana umri wa miaka 15 au 16. Ameoga asubuhi, amevaa nguo safi, ametoka. Ikifika adhuhuri kipaji chake kinameremeta, pua inateleza, na mashavu yamejaa chunusi. Mama akimwona humwambia, "Hebu kanawe uso, mwanangu, unang'ara kama sinia la samli." Wenzake nao humtilia jina. Basi kijana hunawa kwa sabuni, na alasiri mafuta yamerudi palepale. Hunawa tena kwa sabuni kali zaidi. Kesho hujipaka ndimu, kesho kutwa dawa ya meno, na mwisho wa safari hufika katika lile kopo dogo lisilo jina la mtengenezaji, liuzwalo kwa kunong'onezana. Baada ya miaka miwili, chunusi ambazo huenda zingekwisha zenyewe zimeacha uso wa rangi mbili, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na moyo uliovunjika.

Sasa tujiulize: kilichomdhuru kijana huyu ni kitu gani? Kwa sehemu kubwa si maradhi, bali ni dawa. Na dawa hiyo aliifuata kwa sababu sisi wakubwa tulimwambia kwamba mafuta yake ni uchafu. Hilo ndilo neno ninalotaka kulipinga leo.

KIWANDA KILICHO NDANI YA NGOZI

Ngozi ya binadamu ina tezi ndogo ndogo zisizoonekana kwa jicho, ambazo kazi yake ni kutengeneza mafuta. Zimetapakaa mwili mzima isipokuwa katika viganja vya mikono na nyayo za miguu. Usoni na kichwani ndiko zilikosongamana. Mahali penye ukubwa wa ukucha wa kidole cha shahada, yaani kiasi cha sentimita moja mraba, huweza kuwa na tezi 400 mpaka 900. Nyingi ya tezi hizi zimejishikiza kando ya shina la unywele au la malaika, na hutoa mafuta yake kupitia kitundu kile kile ambacho unywele hutokea.

Jinsi zinavyofanya kazi ni ajabu. Chembe zilizo ndani ya tezi hujijaza mafuta mpaka zikapasuka na kufa, na kile kilichokuwamo ndani yake ndicho kinachopanda juu na kutandaa usoni. Kwa hivyo mafuta hayo si vumbi la njiani wala si jasho. Jasho lina tezi zake nyingine, nalo ni maji yenye chumvi. Katika joto na unyevu wa kwetu, hasa miezi ya kaskazi, viwili hivi hukutana usoni, na mtu akajiona amepakwa samli hali mafuta yenyewe si mengi hivyo. Hata vile vipele vya harara viwatokavyo watoto wakati wa joto si kazi ya mafuta, bali ni njia za jasho zilizoziba. Tusichanganye mambo.

Na mafuta haya yana faida gani? Huilainisha ngozi na unywele, huizuia ngozi isikauke na kupasuka, na baadhi ya viungo vyake husaidia kuwazuia vijidudu viletavyo maradhi. Mvuvi anajua kwamba chombo kisichopakwa sifa hunywa maji na kuoza. Basi uso nao umepewa sifa yake na Muumba, na hupakwa usiku na mchana bila ya malipo.

KWA NINI VIJANA?

Anayeziamrisha tezi hizi ni homoni, yaani vile vichochezi ambavyo mwili huvitengeneza na kuvipeleka kwa njia ya damu. Kubwa lao katika jambo hili ni homoni za kiume, ambazo wanawake pia wanazo kwa kiasi chao. Mtoto mchanga huzaliwa tezi zake zikiwa macho, ndipo wengine tukawaona na vijipele usoni wakiwa na wiki chache tu. Kisha tezi hulala. Balehe inapokaribia huamka tena, hukua, na kazi yake huzidi maradufu. Mwanamke anapokoma hedhi hupunguza kazi. Mwanamume huweza kwenda nazo mpaka uzeeni.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1941 na mtaalamu wa Marekani aitwaye James Hamilton. Aliwachunguza wanaume waliokuwa matowashi tangu kabla ya balehe, akaona kwamba hawatoki chunusi. Walipopewa homoni ya kiume, baadhi yao wakaanza kuzitoka. Hapo ikawa wazi kwamba mzizi wa mambo haya uko ndani ya mwili na wala si katika taka za nje.

Ndiyo maana inakisiwa kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 12 mpaka 24, yapata 85 hupatwa na chunusi, kidogo au nyingi. Kitu kiwapatacho 85 katika 100 hakiwezi kuwa aibu ya mtu mmoja.

CHUNUSI HUZALIWAJE

Sisi watu wa pwani tunalo neno chunusi kwa maana mbili. Kuna yule chunusi asimuliwaye kuwa huwavuta waogeleaji chini ya maji, na kuna hii ya usoni, ambayo nayo huvuta mkono wa mwenyewe uende ukaikamue. Tumwache yule wa majini, tuitazame hii ya nchi kavu.

Mambo manne hukutana. Kwanza, mafuta huwa mengi. Pili, mdomo wa kile kitundu huzibwa na chembe zilizokufa zilizogandana na mafuta. Tatu, vijidudu ambavyo kila mmoja wetu anavyo katika ngozi hustawi ndani ya mafuta yaliyofungiwa. Nne, mwili hupigana navyo, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta wekundu, uvimbe, maumivu na usaha.

Kile kidoti cheusi kionekanacho katika pua, ambacho wengi hudhani ni vumbi lililoingia, si vumbi kabisa. Ni kizibo cha mafuta na chembe, chenye rangi ile ile iipayo ngozi weusi wake, nacho kimezidi kuwa cheusi kwa kupigwa na hewa. Hata ukikisugua kwa jiwe la msio hakitatakata, kwa sababu hakikuwa na taka.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo la ziada. Chunusi ikishapona, pale ilipokuwapo hubaki baka jeusi kwa miezi, pengine hata mwaka na zaidi. Baka hilo si kovu wala si chunusi. Ni rangi iliyozidi kutengenezwa wakati wa uvimbe, na taratibu hufifia. Lakini ukikamua, ukachokonoa na kusugua, uvimbe unazidi na baka linakoza. Hapa ndipo penye kiini cha msiba wote, maana wengi wetu hawakimbilii kopo kwa sababu ya mafuta wala chunusi, bali kwa sababu ya mabaka haya. Kumbe mabaka yenyewe, kwa sehemu kubwa, wameyazidisha kwa mikono yao.

YASEMWAYO BARAZANI

Barazani husemwa mengi. Husemwa kwamba chunusi ni dalili ya tamaa, na kwamba kijana akioa au binti akiolewa zitaondoka. Kweli wengine hupona baada ya harusi, lakini ni kwa sababu umri umesogea na homoni zimetulia. Angengoja miaka ile ile bila kuoa, zingepungua vile vile. Tusimwoze mtu kwa sababu ya chunusi, na wala tusimtazame mwanafunzi wa madrasa kwa jicho la shaka kwa ajili ya vipele vya mashavuni.

Husemwa pia kwamba ni mafuta ya chakula yanayotokea usoni. La. Samli ya biriani haiendi moja kwa moja mpaka kwenye pua. Lakini chakula hakikosi neno. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana wa kiume 43 kwa muda wa wiki 12. Waliopunguziwa vyakula vya kupandisha sukari ya damu kwa haraka walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao. Kwa lugha ya jikoni kwetu, macho yatazame zaidi mahamri, kaimati, mkate mweupe, soda na chai iliyokolea sukari kuliko kitoweo cha nazi. Haya yafaa kukumbukwa hasa baada ya futari. Hata hivyo, chakula ni msaidizi tu na hakishiki usukani.

Wengine huuliza kuhusu udhu: je, kunawa uso mara tano kwa siku hakuidhuru ngozi ya mafuta? Maji matupu hayana dhara. Huondoa vumbi na chumvi ya jasho, na mafuta mengi hubaki mahali pake. Linalodhuru ni kuifanya kila tawadha kuwa zamu ya sabuni. Sabuni mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, inatosha kabisa, nayo iwe laini.

Akina mama na dada wavaao niqabu wajue kwamba kitambaa kinachosugua kidevu na mashavu kwenye jasho huweza kuamsha vipele, kama tulivyoona kwa barakoa wakati wa korona mwaka 2020. Dawa yake si kuacha stara. Chagua kitambaa chepesi, kibadilishe kila siku na kukifua vizuri. Na waendesha bodaboda waziangalie kofia zao za pikipiki vivyo hivyo.

MBA, NAZI NA POMADI

Kuna hali nyingine iliyo jirani ya hii, nayo ni mba wa kichwani pamoja na yale magamba ya manjano yenye kunata yanayotokea kwenye nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio, na hata kifuani. Hutokea pale pale penye mafuta mengi. Ndani yake mna kuvu mdogo ambaye huishi katika ngozi ya kila mtu na chakula chake ni mafuta. Kwa baadhi ya watu ngozi humkasirikia, ndipo ikawasha na kutoka magamba.

Hapa desturi yetu inatugeuka. Mtu aonapo magamba hudhani kichwa kimekauka, hivyo hukinywesha mafuta ya nazi mpaka yakamiminika shingoni. Nywele hupendeza, lakini yule kuvu amekaribishwa karamuni. Mwenye mba wa namna hii apunguze mafuta kwenye ngozi ya kichwa, ayapake kwenye nywele zenyewe tu, na atumie shampuu yenye dawa ya kuvu, kama vile ketokonazoli, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa. Aiache kichwani dakika chache kabla ya kuisuuza. Mba huyu hurudi, kwa hiyo dawa hurudiwa, na kurudi kwake si dalili ya uchawi. Ila ikiwa magamba yametokea ghafla, tena mengi na makali, kwa mtu mzima ambaye hakuwa nayo, ni vyema aende hospitali apimwe afya yake yote, pamoja na virusi vya ukimwi, kwa sababu kinga ya mwili inaposhuka hali hii huzidi.

Pomadi nayo ina hadithi yake. Mwaka 1970 madaktari watatu wa mji wa Philadelphia, Plewig, Fulton na Kligman, waliandika juu ya vipele walivyoviona kwenye vipaji vya wanaume weusi waliokuwa wakipaka nywele zao pomadi. Vipele vilifuata ukingo wa nywele, mahali ambapo mafuta yanateremka. Nasi tuna kofia zetu za viua. Mtu akipaka nywele mafuta mazito kisha akaikaza kofia kipajini tangu asubuhi mpaka isha, ukingo wake hulowa mafuta na kuyashikilia palepale. Kofia ifuliwe, na mafuta yakae mbali na kipaji.

NDIMU, SINGO NA SOMO

Tuna urithi mzuri wa kupamba ngozi: liwa iliyosagwa kwenye msio, manjano, marashi ya mawaridi, na ile singo ya bi harusi. Sikusudii kuuvunja urithi huu. Liwa iliyotulia juu ya ngozi nzima, ikaoshwa kwa maji, haina vita na mtu ikiwa haimwashi. Lakini kusinga ni kusugua, na uso wenye chunusi zilizoiva hausuguliwi. Ukisuguliwa, chunusi hupasukia ndani, usaha hutapakaa chini ya ngozi, na bi harusi hupanda jukwaani na uso uliovimba. Somo mwenye hekima ataisinga mikono, mgongo na miguu, na uso atauacha.

Ndimu na limau ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Maji yake ni makali, na yakiwa juu ya ngozi kisha jua likaipiga, huweza kuiunguza kama maji ya moto, ikatoka malengelenge na kuacha weusi wa miezi. Dawa ya meno nayo imetengenezwa kwa ajili ya meno. Na kukamua chunusi kwa kucha ni kuchimba kovu, zaidi ya yote katika eneo la pua na mdomo wa juu, ambako mishipa ya damu ina njia ya kwenda ndani ya kichwa, na maradhi, ingawa ni mara chache, huweza kuifuata.

KOPO LISILO JINA

Sasa tumefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Madukani na mikononi mwa wachuuzi kuna krimu zinazosifiwa kwamba hukausha mafuta, huondoa chunusi na hutakatisha uso kwa wiki moja. Wengine hukoroga krimu mbili tatu pamoja na kuziita mkorogo. Ndani yake mara nyingi huwamo moja au zaidi ya vitu vitatu: stiroidi, haidrokwinoni na zebaki.

Stiroidi ni dawa ya kweli, daktari huitumia kwa maradhi ya ngozi kwa muda na kwa kipimo. Ukijipaka usoni bila kipimo, siku za kwanza uvimbe hushuka na ukadhani umepata tiba. Kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu ikaonekana, nywele zikaota pasipotakiwa, na chunusi zikarudi nyingi kuliko za awali. Ukiacha, uso huwaka moto. Ukirudia, unatulia. Ndivyo mtu anavyofungwa minyororo na kopo.

Haidrokwinoni hupunguza rangi. Lakini mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya watu waliokuwa wamejipaka krimu zake kali kwa muda mrefu: nyuso zao ziligeuka weusi wa samawati, weusi usiokubali kuondoka. Walitafuta weupe wakapata weusi wa kudumu. Nchi hiyo ikapiga marufuku vichubuzi katika vipodozi mwaka 1990.

Ama zebaki, hiyo ni sumu. Wala tusidhani ni habari ya mbali. Mwaka 1972, katika jarida la madaktari wa Uingereza, kulichapishwa uchunguzi uliofanywa hapa hapa kwetu, mjini Nairobi, juu ya wagonjwa 60 ambao figo zao zilikuwa zikivuja protini na miili kuvimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kuchubua zenye zebaki. Mtu alijipaka usoni, na kilichougua ni figo. Zaidi ya hayo, zebaki haikai kwa mwenye kujipaka peke yake. Huenda katika taulo na mito, huvutwa kwa pumzi na watu wa nyumbani, na humfikia mtoto aliye tumboni.

Humu nchini vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku mwaka 1998. Ulimwenguni, Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulianza kufanya kazi mwaka 2017, na katika mkutano wa Geneva mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viwe vimekomeshwa. Lakini sheria hukaa katika karatasi, na kopo hukaa katika mkoba. Mlinzi wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe.

Kuna alama za kuzingatia. Kopo lisiloandikwa limetengenezwa wapi wala lina nini ndani, liache. Likiandikwa kalomeli au herufi Hg, ni zebaki, liache. Na likikuonya usiliguse ukiwa umevaa dhahabu au fedha, jua kwamba huenda mna zebaki, maana zebaki huila dhahabu. Ewe bi harusi, kitu kinachoogopewa na pete yako, utakipakaje usoni?

BASI TUFANYEJE?

Kwanza, tuache kuupiga vita uso. Osha mara mbili kwa siku kwa sabuni laini na maji ya kawaida, kwa vidole na si kwa dodoki, kisha kausha kwa kugusagusa. Mchana ukizidiwa na mng'aro, futa kwa kitambaa safi au karatasi laini. Hilo latosha. Na ukijipaka chochote, chagua losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu vya ngozi.

Pili, kwa chunusi za kawaida kuna dawa zinazojulikana, tena si za siri. Benzoili peroksaidi huua vijidudu vya chunusi. Anza na ile ya nguvu ndogo, asilimia 2.5. Asidi ya salisiliki husaidia kuzibua vitundu. Adapalini huzuia visizibe tena, lakini mwenye mimba asiitumie. Tahadhari moja ya nyumbani: benzoili peroksaidi hula rangi ya nguo. Usilalie mto wa rangi, na usiikaribishe kwenye leso yako ya doti mpya.

Tatu, subira. Hapa ndipo wengi huanguka. Dawa ya kweli huchukua wiki 6 mpaka 12 kabla ya kuonyesha kazi yake, na mwanzoni huweza kuikausha ngozi. Anayeahidi wiki moja anauza stiroidi au anauza uongo.

Nne, aendaye kwa daktari asicheleweshwe kwa haya. Vipele vikubwa vyenye kuuma na kuacha mashimo vina tiba. Kuna kidonge kiitwacho isotretinoini, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1982, ambacho hupunguza ukubwa na kazi ya tezi zenyewe. Nguvu yake ni kubwa, na hatari yake pia ni kubwa. Hulemaza vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hakitumii ila chini ya macho ya daktari, na kamwe hakinunuliwi mitaani. Aidha, binti ambaye pamoja na mafuta na chunusi hedhi yake inapotea kwa miezi, na ndevu zinamwota, apelekwe kwa daktari kwa sababu homoni zake huenda zimekosa mizani.

Wala tusione kwamba kwenda kwa daktari kwa ajili ya uso ni anasa. Az-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia, katika kitabu chake chenye sehemu 30 alitenga sehemu nzima ya 19 kwa ajili ya dawa za kupamba mwili. Ibn Sina naye, katika kitabu cha nne cha Kanuni yake, alizungumzia ngozi na nywele kwa jina la zina. Mabwana hawa waliuhesabu uzuri kuwa mlango mmoja wa tiba, wenye vipimo na maarifa. Ni sisi tulioutoa katika mikono ya tabibu tukautia katika mikono ya mchuuzi.

Kwa wazee ninalo ombi moja tu. Ukimwona mwanao ameng'ara uso, usimwambie akanawe kama aliyepakwa matope. Mwambie mwili wake unakua, mafuta yake ni ngao, na chunusi zina tiba kwa mwenye kungoja. Neno hilo halina bei, nalo huenda likamwepusha na kopo.

Nami nawaaga kwa ubeti huu mmoja:

Uso una yake tezi, mafuta hujitolea,
Ni ngao ya yako ngozi, si taka kuyachukia,
Wauzao krimu hizi, figo wanatuulia,
Rangi ni yake Mwenyezi, kwa nini kuikimbia?